Nimeacha sindano ya uzazi wa mpango, siku zangu hazirudi: je, damu imeganda tumboni?

SWALI: "Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Makorora hapa Tanga, asubuhi nauza vitumbua. Nina mtoto mmoja wa miaka mitano. Alipofikisha mwaka na nusu nilianza sindano ya miezi mitatu, nikachoma miaka mitatu bila kuruka. Mwanzoni nilikuwa naona matone, baadaye siku zikakata kabisa. Ya mwisho nilichoma siku mbili kabla ya Ramadhani. Sasa Maulidi yamepita, miezi saba imekatika, nimeona madoa mara mbili tu na mimba sijashika. Uzito umetoka kilo 58 hadi 66. Mama mkwe anasema damu ya miaka yote hiyo imeganda tumboni, nisafishwe kizazi. Kuna mama wa dawa anataka shilingi 60,000, dawa ya kunywa na nyingine ya kuweka chini. Duka la dawa wamenipa norethisteroni ya miligramu 5 ninywe siku kumi ili siku zirudi. Wifi yangu naye kanitumia habari kwenye simu kwamba homoni ya kutengenezwa iliyo kwenye sindano hii iliwapa wanawake wa Marekani saratani ya matiti. Mume wangu anaendesha lori la Horohoro na Dar, hurudi nyumbani siku nne kila baada ya wiki mbili tatu, na kila akirudi ananiuliza. Je, nimeharibika?"

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwa haya uliyonieleza, sioni dalili kwamba umeharibika. Ninachokiona ni dawa iliyochukua muda wake kutoka mwilini, na mtu ambaye hakuna aliyemwambia mapema kwamba itakuwa hivyo. Hilo la pili linaniudhi kuliko la kwanza. Siku ile ya kwanza ulipokaa kwenye benchi la kliniki, kabla hujakunja mkono wa gauni, ulipaswa kuulizwa: unataka kuzaa tena lini? Ungejibu "baada ya miaka mitatu hivi", ungeambiwa wazi kwamba sindano hii huchelewesha uzazi kurudi kuliko njia nyingine, kisha ukaamua mwenyewe.

Lakini kabla sijaenda mbali, fanya jambo moja kesho asubuhi: pima mimba. Usishangae. Yai hupevuka kwanza, hedhi hufuata wiki mbili baadaye. Kwa hiyo mwanamke aliyeacha sindano anaweza kushika mimba kwa yai lake la kwanza kabisa, bila kuona siku zake hata mara moja, na madoa akayadhania ni hedhi inayojaribu kurudi. Kipimo cha mkojo ni cha bei nafuu na hupatikana kila mahali. Hivyo vidonge vya duka la dawa visiguse mdomo wako, hata kipimo kikisema huna mimba. Nitakueleza kwa nini.

Turudi kwenye hesabu yako, maana naona inaanzia pasipo. Unahesabu miezi saba tangu uchomwe. Lakini sindano ya mwisho ilikuwa kazini Ramadhani yote, mfungo mosi, na karibu mfungo pili wote. Muda wako wa kusubiri unaanzia hapo, ilipokwisha ile miezi mitatu ya kinga, nayo ni miezi minne tu. Na hata hiyo minne si mitupu.

Umewahi kuangalia kichupa cha sindano hiyo? Ndani yake mna mililita moja tu ya maji meupe kama tui la pili, na muuguzi lazima akitikise sana kwanza, kwa sababu ule weupe ni chembe ngumu zinazotuama chini. Ni miligramu 150 za medroksiprojesteroni, iliyosagwa ikawa vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Zikishaingia kwenye msuli zinakaa palepale na kuyeyuka kidogo kidogo, kama chumvi ya mawe iliyotupwa kwenye maji bila kukorogwa. Ndiyo maana tunakataza kupasugua palipochomwa. Kwa wengi dawa hupotea kwenye damu, kiasi kwamba vipimo havioni kitu, kati ya siku 120 na 200 baada ya kuchomwa. Kwa wenye mwili mkubwa zaidi inaweza kukawia. Wewe uko kwenye siku ya mia mbili na ushei. Huenda chembe za mwisho ndiyo kwanza zimekwisha.

Sasa hiyo dawa ilikuwa inafanya nini muda wote huo? Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari, kama punje ya harage, inayopokea amri kutoka sehemu ya ubongo iliyo juu yake. Kila mwezi, katikati ya mzunguko, tezi hii humwaga homoni nyingi kwa ghafla, na ule mmwago ndio unaopasua kifuko kwenye ovari ili yai litoke. Yai likishatoka, kile kifuko kilichobaki hutengeneza projesteroni, na projesteroni hupeleka habari ubongoni: yai limeshatoka mwezi huu, tulia. Medroksiprojesteroni imetengenezwa ifanane na projesteroni kiasi cha kuudanganya ubongo. Kila siku, kwa miaka mitatu, ubongo wako umekuwa ukiambiwa "yai limeshatoka", na kila siku umetulia. Mmwago haukuja, mayai yakabaki mahali pake. Hayakuoza wala hayakuharibika.

Na damu je? Hapa mama mkwe wako anakosea, ingawa simlaumu, maana kwa mtu asiyejua, jambo lisilotoka ni lazima liwe limekwama ndani. Hedhi si uchafu unaojikusanya mwilini mpaka utolewe. Kila mwezi homoni iitwayo estrojeni kutoka kwenye ovari hutandika kitanda ndani ya mji wa mimba: utando laini wenye mishipa ya damu, tayari kumpokea mgeni. Mgeni asipokuja, matandiko yanatolewa, na hiyo ndiyo hedhi. Ukiwa kwenye sindano, ovari imelala, estrojeni iko chini, kitanda hakikutandikwa kabisa. Utando ulibaki mwembamba mno, na yale matone ya mwanzo yalikuwa mishipa midogo ikipasuka ovyo juu ya utando dhaifu. Hakuna damu iliyoganda mahali popote, kwa sababu hakuna iliyotengenezwa. Wanawake wengi hupita njia hiyohiyo: wakifikisha mwaka mmoja wa sindano, karibu nusu yao hawaoni tena siku zao, na mwaka wa pili wanaongezeka. Ukifanyiwa utrasaundi leo, mpimaji atakuonyesha mstari mwembamba, na unaweza kumpelekea mama mkwe picha hiyo ili naye apate usingizi.

Kwa hiyo hakuna cha kusafisha. Ile dawa ya kunywa sijui ndani yake mna nini, siwezi kuisemea sana, ila ini lako lingefurahi usiinywe. Ya kuweka chini ndiyo inayonitia hofu. Majani yaliyopondwa, unga na vipande vya kitambaa vinavyosukumwa ukeni huua bakteria wazuri wanaolinda njia ya uzazi na kuchubua ngozi yake, na uambukizo ukipanda juu hufika kwenye mirija. Mrija uliovimba ukapona huacha kovu, na kovu linaweza kuuziba. Yaani unalipa elfu sitini kuzibuliwa kizazi ambacho hakikuziba, kisha unazibwa kwelikweli. Nimewapokea wanawake wa namna hiyo, wawili katika mwaka mmoja, na kwa kila mmoja nililazimika kusema maneno ambayo sindano peke yake isingenifanya niyaseme.

Vidonge vya norethisteroni ni hadithi nyingine, na ndani yake kuna kichekesho kidogo. Umeacha homoni ya kutengenezwa, ukaogopa athari zake, na suluhisho ulilopewa ni homoni nyingine ya kutengenezwa, ya ukoo uleule. Norethisteroni ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1951 huko Mexico, na Luis Miramontes, kijana mwanakemia aliyekuwa akifanya kazi na Carl Djerassi na George Rosenkranz. Shida waliyokuwa wakihangaika nayo ni kwamba projesteroni ya asili ukiimeza, ini huivunja karibu yote kabla haijafika popote. Wakaongeza kipande kidogo kwenye umbo lake, ini likashindwa kuivunja upesi, na njia ya vidonge vya uzazi wa mpango ikafunguka. Mali ghafi yao ilitoka kwenye mizizi ya porini ya Mexico, ukoo mmoja na viazi vikuu tunavyokula huku. Nasema hivyo nikijua kuna watu sasa wanauza unga wa viazi vikuu mitandaoni eti unaongeza homoni. Mwili wa binadamu hauwezi kugeuza kiazi kuwa projesteroni. Kazi hiyo ilifanyika maabara, kwa hatua kadhaa za kemia. Kula kiazi chako kwa mchuzi wa samaki, ushibe, basi.

Norethisteroni hukuletea damu kwa njia hii: unainywa siku kumi, inaushikilia utando wa mji wa mimba, ukiacha ghafla utando unaporomoka. Ukadhani siku zimerudi. Kumbe yai halijapevuka, ubongo umezidi kutulizwa siku nyingine kumi, na umeongeza kusubiri. Kwako ni mbaya zaidi, kwa kuwa utando wako bado ni mwembamba: unaweza kumaliza vidonge vyote usione hata tone, halafu hofu ikawa mara mbili. Sisi madaktari tunaitumia dawa hii, nami huiandika, kwa mwanamke mwenye sababu maalumu na aliyepimwa kwanza. Kuikabidhi dirishani kwa mtu anayetafuta mimba, bila hata kupima kama anayo, si kazi nzuri.

Uzito. Hapa sitakuficha kitu. Wataalamu wengine hupenda kusema "ni chakula chako tu", na wanawake wanaondoka wamekasirika, tena kwa haki. Kati ya njia zote za homoni, sindano hii ndiyo yenye ushahidi wa kuongeza uzito kwa baadhi ya watumiaji, kwa wastani kilo moja hadi mbili kwa mwaka. Medroksiprojesteroni hushika pia, kwa kiasi, milango ya homoni za jamii ya kotizoli, zinazochochea hamu ya kula, na wengi husema njaa imezidi. Kilo zako nane kwa miaka mitatu ziko juu kidogo ya wastani huo, lakini si za ajabu. Dawa ikishaondoka, ule msukumo wa njaa hupungua; kilo zenyewe haziondoki na dawa, zinataka mguu na sahani. Nawe unashinda mbele ya kikaango, mdogo wangu, najua kitumbua cha kuonja hakihesabiwi.

Mifupa nayo hupungua uimara kidogo mwanamke akiwa kwenye sindano, kwa sababu ya ile estrojeni iliyoshuka, na hurudi akiacha. Dagaa waliwao na miba yao wanasaidia sana, na Tanga hatuna uhaba wa dagaa.

Sasa habari ya wifi yako. Si uongo, ila imeshonwa vibaya. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa afya ya wanawake huko Marekani ulisimamisha sehemu yake moja kabla ya wakati. Humo walikuwamo wanawake wa miaka 50 hadi 79, waliokwisha kukoma hedhi, wastani wao miaka 63. Walikuwa wakimeza kila siku kidonge chenye estrojeni iliyotolewa kwenye mkojo wa farasi jike wenye mimba, pamoja na miligramu 2.5 za medroksiprojesteroni, ileile ya kwenye sindano yako. Ikaonekana saratani ya matiti imeongezeka: katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka, wanane zaidi ya wale waliomeza vidonge vitupu. Kiharusi na kuganda kwa damu pia vikaongezeka, kuvunjika nyonga na saratani ya utumbo mpana vikapungua. Dunia nzima ikashtuka, na wanawake wengi waliokuwa wakiteswa na joto la ukomo wa hedhi wakanyimwa dawa hata pale ilipowafaa. Leo tunajua umri ni jambo kubwa: aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka kumi tangu hedhi ikome, na mwenye dalili kali, mara nyingi faida kwake inazidi hatari, maadamu amepimwa na anafuatiliwa. Ukiwa na mama anayeamka usiku kanga imelowa jasho, mwambie asione aibu kwenda kuuliza.

Je, wewe wa miaka 29 yanakuhusu? Kidogo. Tafiti za karibuni zinaonyesha njia zenye projesteroni ya kutengenezwa, ziwe vidonge, sindano au vijiti, huongeza uwezekano wa saratani ya matiti kwa asilimia 20 hadi 30 kwa mtu anayezitumia au aliyeziacha karibuni, na ongezeko hilo huisha taratibu akiacha. Asilimia hiyo inasikika kubwa mpaka uulize: ya ngapi? Kwa umri wako saratani ya matiti ni nadra, na robo hivi ya kitu kidogo ni kidogo zaidi. Mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walichapisha jambo jingine, kwamba kutumia sindano hii kwa mwaka mmoja au zaidi kunaambatana na ongezeko la uvimbe wa utando wa ubongo uitwao meninjioma. Uvimbe huu kwa kawaida si saratani, nao ni nadra sana. Sikuambii haya ili usilale. Nakuambia kwa sababu ukiyasikia kwa wifi utayasikia yameongezwa chumvi.

Basi utasubiri hadi lini? Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Thailand na kuchapishwa mwaka 1980 uliwafuatilia wanawake walioacha sindano ili wazae, ukawalinganisha na walioondoa kitanzi. Wa sindano walichelewa, lakini baada ya miaka miwili zaidi ya asilimia 90 ya kila kundi walikuwa wameshika mimba. Idadi ya sindano ulizochoma haikurefushii kusubiri. Aliyechoma mbili na aliyechoma kumi na mbili wanasubiri karibu sawa. Kwa ujumla tunasema wastani ni miezi kumi tangu sindano ya mwisho. Wako wanaoshika mwezi wa tano, wako wanaovuka mwaka na nusu, na wengi wao huzaa watoto wazima. Wewe hujafika hata kwenye wastani. Na yale madoa mawili, kipimo kikisema huna mimba, mimi ningeyapokea kwa furaha: huenda ni ovari inaamka na kuanza kutandika.

Lakini kuna jambo kwenye barua yako lililonivuta kuliko yote, nalo umelitaja kwa kupita tu. Mumeo yupo nyumbani siku nne kila wiki mbili tatu. Yai likitoka huishi kama siku moja. Mbegu za mwanamume huweza kusubiri hadi siku tano. Kwa hiyo kila mwezi mlango uko wazi siku sita hivi. Lori likiwa Chalinze siku hizo sita, hakuna homoni ya kulaumu. Mzunguko wako ukirudi, angalia ute: siku za karibu na yai kutoka huwa mwingi, mwangavu, wa kuvutika kati ya vidole kama ute wa yai la kuku. Ukiuona, piga simu. Kama anaweza kuomba likizo ya wiki mbili mfululizo, hiyo ni dawa bora kuliko yoyote uliyouziwa. Wakati huohuo anza vidonge vya foliki asidi, miligramu 0.4 kila siku, kwa ajili ya uti wa mgongo na ubongo wa mtoto atakayekuja.

Ukishajifungua na kutaka kupumzika tena, mweleze muuguzi mpango wako wote. Kijiti kimoja cha miaka mitatu, vijiti viwili vya miaka mitano, kitanzi, vidonge: vyote hivyo ukiviacha uzazi hurudi upesi, mara nyingi ndani ya wiki chache. Vidonge vya homoni mbili, vyenye estrojeni ndani yake, usivianze unaponyonyesha kabla mtoto hajafikisha miezi sita, na mwenye presha asivitumie, maana estrojeni huongeza kuganda kwa damu kwenye mishipa. Sindano bado ni njia nzuri kwa asiyetaka mtoto karibuni, au anayehitaji siri, au mwenye damu nyingi ya mwezi inayommaliza nguvu. Haikuwa njia mbaya. Haikulingana na ratiba yako.

Usisubiri ukiona lolote kati ya haya: maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, hasa kama kipimo kinaonyesha mimba, kwani inaweza kuwa nje ya mji wa mimba, damu inayolowanisha pedi kila saa kwa saa mbili mfululizo, homa pamoja na uchafu wenye harufu ukeni, kichwa kinachouma kwa namna mpya na macho kuona ukungu, maziwa kutoka kwenye matiti na hunyonyeshi. Kituo cha afya kilicho karibu wataanza, na hospitali ya Bombo wataendelea. Ukifika mwaka mmoja tangu ile sindano ya kabla ya Ramadhani na siku zako bado, au mwaka na nusu bila mimba, hapo tunapima: homoni za tezi ya pituitari na ya shingo, utrasaundi, baadaye mirija. Na mbegu za mume zipimwe mapema, siyo mwisho. Kuwa na mtoto mmoja hakumwondoi kwenye hesabu.

Ukienda, chukua ile kadi ya uzazi wa mpango yenye tarehe za sindano zote, na hivyo vidonge uviweke kwenye mkoba daktari avione. Ikiangukia zile siku nne, mwende wote wawili.